Adhana Iliyokatwa na Kikohozi

Kabla ya sauti yake, kilitangulia kikohozi. Kilikuwa kizito, cha kukwaruza, kama mtu anayeburuta sanduku la chuma kwenye sakafu ya saruji. Halafu kimya kidogo, halafu adhana. Watoto wa avenyu yetu hapa Kindu walijua kukiiga kile kikohozi kabla hawajajua kuiga maneno yenyewe, na hata sisi Wakatoliki, tuliopakana naye ukuta kwa ukuta, tuliamshwa nacho kila alfajiri.

Sote tulimwita Mwadhini. Jina lake nalijua, lakini sikulitumia hata siku moja, na nikilitumia leo nitaona kama ninamsema mtu mwingine. Alikozaliwa sikuuliza. Nilimkuta pale, na nilipofiwa na wazazi alikuwa bado pale. Hilo ndilo lililonihusu.

Alikuwa mtu wa kuogopa. Aliogopa radi, aliogopa vyura, aliogopa mbwa hata walio kambani. Mbingu ikinguruma, alifunika kioo cha kabati kwa kikwembe, kitenge cha mkewe, akakaa katikati ya kitanda miguu juu. Zaidi ya vyote aliogopa sindano na watu wanaozishika. “Mu hospitali wanakupa jina ya ugonjwa,” alikuwa akisema, “na ugonjwa ikishapata jina haitoke tena.” Mkewe, mwanamke mfupi mwenye ulimi mwepesi, alimcheka mbele za watu. “Munaona bwana yangu? Chura akiruka, njo mimi namukamata. Yeye anasoma dua.”

Lakini ni mtu huyo huyo aliyepanda ngazi za msikiti kila siku wakati wa vita.

Msikiti wetu haukuwa na mnara. Kulikuwa na ngazi za matofali ubavuni, na juu yake kibaraza kidogo kisicho na ukingo, ambapo mtu akisimama aliona upande mmoja reli na upande mwingine mto Lualaba. Mji ulipozingirwa, mafuta ya jenereta yalikwisha na kipaza sauti kikawa pambo. Mwadhini akarudi kutumia kifua chake. Alisimama pale juu kwa kanzu nyeupe, mtu ambaye kila mwenye bunduki aliweza kumwona, akaita. Siku nyingine risasi zililia ng'ambo ya mto, naye aliita hivyo hivyo. Akishuka, mkewe alimshika mkono kumvusha mlangoni.

Baba yangu alikuwa ametoka kwenda Pangi kwenye machimbo, hakurudi. Mama alifariki kwa homa mji ukiwa umefungwa, dawa hakuna. Nikabaki na mdogo wangu Faustin na mdogo wetu wa mwisho, Angelani, ambaye hakuwa ameanza kutamka maneno vizuri. Shule nilikuwa nimeiacha katika mwaka wa tano wa primeri. Siku tuliporudi kutoka makaburini, Mwadhini alisimama mlangoni kwetu, hakuingia.

“Yaya,” akaniambia, maana hivyo ndivyo wadogo zangu walivyoniita mimi dada yao mkubwa, na yeye akafuata, “sikia muzuri. Nikimaliza adhana mupaka mwisho, fungula mulango, enda kutafuta chakula. Kama sikumaliza, usifungule. Hata akikuita malaika.”

“Na kama ni weye mwenyewe unaniita, Mwadhini?”

Akafikiri. “Hata mimi. Kama niko naita na adhana haikuisha, ujue kuna bunduki nyuma yangu.”

Sikuwa peke yangu. Avenyu nzima iliishi kwa kanuni hiyo. Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti, wote tulisimama nyuma ya milango tukiwa na ndoo na vikapu, tukisubiri neno la mwisho la adhana. Likisikika, milango ilifunguka kama kwa mkono mmoja. Mpaka leo, adhana ikianza, mimi husimama. Wateja wangu hunicheka. Siwezi kuendelea kugeuza mandazi mpaka iishe.

Kuvuta alikuwa amevuta tangu zamani, lakini ile namna yake ya kuvuta ilizaliwa vitani. Sigara za pakiti zilipotea, watu wakabaki na tumbaku ya majani iliyoletwa kwa mtumbwi kutoka upande wa Lokandu, mitumbwi ilipoweza kupita. Karatasi nazo hazikuwapo. Alikuja kuniomba daftari langu la hesabu, kwa aibu, kama anayeomba kwa masikini. Nikampa. Alichana zile kurasa tu ambazo mwalimu alikuwa ameweka misalaba ya kalamu nyekundu, na zilizo sahihi akanirudishia. “Hizi utazitaka,” alisema.

Alivuta moto ukiwa ndani. Aliwasha, akavuta kidogo, halafu akaigeuza sigara kwa ulimi na vidole, upande unaowaka ukaingia kinywani, akafunga midomo. Moshi ulitokea puani. Mara ya kwanza nilipomwona nilipiga kelele nikidhani amemeza kaa la moto.

“Moto unaonekana mbali,” alinieleza alipoitoa. “Kule kwenye kibaraza, jioni, askari wanatafuta kamwangaza tu ya kupiga. Ndani ya kinywa hakuna askari mwenye anaona.”

Vita viliisha, kamwangaza hakakuwa hatari tena, na yeye akaendelea vile vile. Alisema sigara iliyo nje haina ladha. Watoto walimzunguka wamwone akifanya, naye aliwafukuza kwa fimbo, maana hakutaka mtoto yeyote avute. Siku moja alimkamata Faustin nyuma ya msikiti na kipande cha sigara kilichookotwa. Hakumpiga. Alimshika kichwa, akabana sikio lake juu ya kifua chake cha kanzu.

“Unasikia?”

“Nasikia, Mwadhini.”

“Iko nini?”

“Iko kama panya juu ya mabati.”

“Bon. Wewe utaenda kufuga panya yako, ao utaacha hii yangu peke yake?”

Faustin hakuvuta tena, mpaka leo ana watoto wake. Lakini jioni ile ile nilimwona Mwadhini amekaa kwenye gogo lake, midomo imefungwa, moshi ukimtoka puani polepole.

Sasa nieleze siku ile, kwa sababu bila siku ile mtu hawezi kuelewa kwa nini kuacha kulimshinda mtu aliyeweza mambo magumu kuliko hilo.

Ilikuwa adhuhuri. Adhuhuri watu walikuwa wengi nyuma ya milango, kwa kuwa ndio saa wanawake walikwenda chemchemi. Nilikuwa na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, motoni uani, Faustin akichochea. Kikohozi kikaja kama kawaida, adhana ikaanza. Ilifika pale anapowaita watu waje kwenye sala, sauti ikapanda, ikakatika. Kikafuata kikohozi kingine, kikali, kisichoisha. Halafu hakuna kitu.

Nilimvuta Faustin kwa shati, nikambeba Angelani, tukaingia chini ya kitanda. Nilisikia makomeo yakisukumwa kwenye milango ya avenyu nzima. Sombe iliungua tukiisikia harufu yake. Angelani alitaka kulia, nikamtia kidole changu kinywani, akakiuma. Halafu nikasikia buti. Zilipita taratibu, kwa muda mrefu, na mtu mmoja akagonga mlango wetu kwa kitu cha chuma, mara moja, kama anayejaribu tikiti maji. Wakaendelea.

Watu wa avenyu iliyofuata walisikia adhana ya msikiti mwingine wa mbali, na hawakuwa na desturi yetu. Walikutwa barabarani. Waliochukuliwa kubeba mizigo kuelekea msituni, wengine hawajarudi mpaka ninapoandika. Kwetu hakuchukuliwa hata kuku.

Kesho yake watu walikuja kwake. Walisema kikohozi chake ndicho kilichotuokoa. Kama si tumbaku, wasingekuwa hai. Mmoja alileta majani ya tumbaku yaliyokunjwa kwenye jani la mgomba, na mfanyabiashara mmoja wa Kailo aliyekwama kwetu akatoa pakiti nzima ya sigara za zamani aliyokuwa ameificha kwa siku mbaya. Mwadhini alipokea kwa mikono miwili. Aliinamisha macho, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Tangu hapo sigara yake ikawa sigara yetu sote. Alijaribu kuacha mara nyingi. Kila Ramadhani aliacha mchana, na Ramadhani nyingine aliacha hata usiku, mwezi mzima, akitafuna tangawizi na makasu, zile kokwa chungu, mpaka meno yakawa mekundu. Siku hizo alikuwa mkali. Aligombana na mbuzi. Aliwahi kufagia uwanja wote wa msikiti, halafu barabara mbele yake, halafu barabara mbele yetu, kwa sababu mikono haikujua pa kukaa. Kisha Idi ilifika, watu wakakaa kwenye mikeka kula pilau, na daima alikuwapo mmoja, mara nyingi jirani yetu wa mkaa, muuza makala, wa kusema kwa sauti:

“Mwadhini, usituache! Vita ikirudi tutakohoa na nini?”

Watu walicheka. Yeye alicheka pia, na kabla ya asiri moto ulikuwa umerudi kinywani.

Mwenyewe alimwita sigara mwanamke. “Tumeachana,” alisema, “lakini anakaa avenyu moja na mimi. Kila nikitoka, iko hapo, amevaa muzuri.”

“Talaka tatu ulishamupa,” mkewe alimjibu kutoka jikoni, “na bado analala mu kifua yako. Dini gani ile?”

“Mwanamuke wa ngumu, huyu.”

“Mimi ukinipa moja tu, utaniona tena?”

“Wewe? Wewe sikupi hata nusu.”

Mkewe ndiye aliyekuwa akijua jambo ambalo sisi hatukulijua. Kila Ijumaa, baada ya sala, alimkalisha mlangoni kwenye mwanga, akamwambia afungue kinywa, akaangalia juu, penye dari ya kinywa, pale moto ulipokuwa ukikaa miaka yote hiyo. Mimi niliwaona kupitia upenyo wa ukuta nikadhani ni jino.

Na mkewe ndiye aliyefanikiwa kumwachisha. Sijui alimwambia nini. Aliacha bila tangazo, bila Ramadhani, siku ya kawaida ya mvua. Alikuwa tayari amemkabidhi adhana kijana mmoja na kipaza sauti kipya, kwa kuwa sauti yake ilikuwa imepasuka, na aliona wivu wa wazi juu ya kijana huyo. “Anaita kama ameweka kichwa mu ndoo,” alisema. Polepole kikohozi kikapungua. Zikapita wiki ukuta haukohoi.

Ningetakiwa kufurahi, na nilifurahi, lakini mwili wangu uliogopa. Miaka yote kikohozi kile kilikuwa kimeniambia kwamba upande wa pili kuna mtu mzima yuko hai. Sasa niliamka asubuhi, nikasikiliza, nikasikia kimya tu. Nilianza kugonga ukuta kwa mwiko. Yeye aligonga upande wake kwa fimbo. Kila asubuhi niligonga, akagonga, nikawasha moto wa mandazi.

Mwaka jana mkewe alifariki. Matanga yalijaa watu, na watu wakija kwenye matanga huja na vitu vyao. Nilimwona mtu akimpa sigara kwa huruma, kama mtu anavyompa mwenzake maji. Nilikuwa na sinia la chai mikononi. Niliita, “Mwadhini!” Aliniangalia, macho mekundu, akaigeuza sigara kwa ulimi. Midomo ikafungwa.

Wiki ile kikohozi kilirudi ukutani. Nitasema kweli, kwanza moyo wangu ulitulia, kama mtu aliyerudi safari. Halafu nikaelewa ninachokisikia, nikaketi chini na mwiko wangu. Nimezika baba bila mwili, nimezika mama bila dawa. Huyu sikutaka kumzika nikisikiliza tu upande wa pili wa ukuta.

Mwezi uliopita alikuja uani kwangu. Ilikuwa kabla ya asiri, jua kali, mafuta yakichemka. Alikuwa amekonda, na sigara moja ilikuwa nyuma ya sikio lake. Alikaa kwenye kigoda cha wateja.

“Yaya. Telefone yako iko na mwangaza?”

“Iko nao.”

“Kuja uniangalie mu kinywa.”

Nilidhani anatania. Hakutania. Akaniambia habari za zile Ijumaa, jinsi mkewe alivyokuwa akipima kwa macho kitu kilichoota juu mle ndani, cheupe, kisichouma. “Alikuwa anasema iko kama punje ya muchele. Kila juma, muchele. Sasa hakuna mwenye kuangalia. Kioo hakifike, nimejaribu.”

“Mwadhini, mimi si dokta.”

“Kama ungelikuwa dokta nisingelikuja.”

Nikafuta mikono, nikawasha mwanga. Akafunga macho, akafungua kinywa. Harufu ya tumbaku ikanijia usoni. Nilitamani sana nione punje ya mchele. Niliangalia mara moja, nikaangalia tena.

Akafunga kinywa. “Usinidanganye. Iko muchele?”

Wateja wangu nawadanganya kwamba mandazi ni ya sasa hivi. Wadogo zangu niliwadanganya miaka kwamba baba yuko njiani. Huyu alikuwa ameniambia nisifungue mlango hata akiniita yeye.

“Hapana, Mwadhini. Imepita muchele.”

“Imepita kiasi gani?”

Nikamwonyesha ukucha wa kidole gumba changu. “Na pembeni iko nyekundu.”

Aliangalia ule ukucha, akaupima na wake. Kisha akatoa sigara nyuma ya sikio, nikadhani atawasha, nikajikaza kusema. Lakini aliishika tu.

“Ile siku ya adhuhuri,” akasema. “Munasema nilikohoa.”

“Tulikusikia.”

“Nilikohoa kwa kusudi. Niliwaona wanatokea kwenye reli, wengi. Sauti ikakauka, Yaya. Nilifungua kinywa, hakuna kitu. Woga ilinikamata hapa.” Akagusa koo. “Nikaona aibu. Nikasema, kuliko watu wajue mwadhini wao ameogopa, bora nikohoe. Nikakohoa mupaka machozi. Kisha watu wakaja na tumbaku, asante, asante, sigara yako imetuokoa. Nikanyamaza. Miaka yote nikitaka kuacha, wananikumbusha. Na mimi nilipenda wanikumbushe. Sigara ilinifichia ile woga.”

Nilitaka kumwambia kwamba woga huo ndio uliotuweka hai, kwamba mimi nimeishi kwa woga na nimelea watoto kwa woga, na sioni aibu yake iko wapi. Nilisema tu, “Basi sigara haikuokoa muntu.”

“Haikuokoa muntu. Iko tu sigara.”

Akaivunja, akaitia chini ya sufuria yangu, akageuza uso upande wa pili moshi ulipopanda.

Ndipo kipaza sauti kikalia, kijana akaanza kuita asiri. Nilisimama kama kawaida yangu. Ilifika pale pale, anapowaita watu waje kwenye sala, ikakatika katikati ya neno.

Sijui nilifikaje mlangoni. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo na kinywa changu kilikuwa kikiita Faustin, ambaye yuko nyumbani kwake na mkewe, na Angelani, ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi. Barabarani mwanamke aliyebeba ndoo alikuwa amesimama wima. Mlango wa muuza makala ulifungwa kwa kishindo.

“Umeme tu,” Mwadhini akasema nyuma yangu. “Imekatika, Yaya. Umeme tu.”

Lakini sikuweza kuondoa mkono kwenye komeo, naye aliona. Akainuka kutoka kigodani kwa kushika magoti. Hakukohoa kwanza, na kwa hilo peke yake nilijua anaogopa na safari hii hafichi. Akaweka mikono masikioni, akaanza pale ilipokatika. Sauti ilikuwa imepasuka, yenye mchanga ndani, haikufika hata mwisho wa avenyu. Mara mbili ilitaka kuzama na mimi nikazama nayo. Aliivuta. Akaimaliza, neno kwa neno, mpaka la mwisho.

Mwanamke wa ndoo akaendelea na safari yake. Mlango wa muuza makala ukafunguka.

Mwadhini alikuwa amekaa tena, jasho likimtoka, mkono kwenye koo.

“Kesho, saa mbili,” akasema. “Hospitali. Utagonga ukuta, nitatoka. Nikikuambia turudi nyumbani, usinisikilize.”

“Hata ukiniita?”

“Hata nikikuita.”

Nikaondoa mkono kwenye komeo, nikarudi kwenye mafuta yangu. Mandazi yalikuwa yameungua upande mmoja.